Chuo cha Makande

Mwalimu wetu wa Fizikia alituaga kidato cha sita kwa maneno machache: "Ombeni vyuo mnavyovitaka, lakini wekeni na kimoja cha akiba." Neno akiba alilitamka kwa sauti ya chini, kama daktari anayetaja ugonjwa mbele ya mgonjwa. Mimi na rafiki yangu wa dawati moja tukatazamana. Tuliona akiba ni ya waoga, na sisi tulikuwa na alama nzuri za mtihani wa majaribio, na mdomo uliozizidi hizo alama.

Mimi ndiye niliyekibatiza kile chuo cha akiba. Nyumbani kwetu Suji sufuria ya makande haikosekani. Ukitoka shambani yapo, ukitoka kanisani yapo, mgeni akija bila taarifa yapo. Pilau tunaisubiri Krismasi. Basi vyuo vyenye majina makubwa nikaviita vyuo vya pilau, na kile kimoja cha mkoa wa mbali, ambacho sikuwahi kukutana na mtu aliyesoma huko, nikakiita Chuo cha Makande. Rafiki yangu alicheka mpaka akakaa chini.

Nilichokuwa nakitaka ni uhandisi wa mitambo. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa nikitumwa kusaga mahindi nachelewa kurudi, kwa sababu nasimama kuutazama mkanda wa mashine, na maswali yangu yalimchosha mwenye mashine hadi akawa ananisagia wa kwanza ili niondoke. Kwenye hilo sikuwa na utani. Utani wangu wote ulikuwa kwenye majina ya vyuo.

Matokeo yalipotoka yalikuwa mazuri, ingawa si ya kutisha kama nilivyotangaza. Nikashuka Same mjini kwenye steshenari moja ambako dada mmoja mwenye subira alikuwa akiwajazia watu maombi kwenye kompyuta. Namba ya simu tuliandika ya baba, kwani laini yangu ilikuwa imefungiwa. Kwenye chuo cha pilau nilichokipenda zaidi kulikuwa na nafasi tano za kozi. Nne nikajaza uhandisi wa kila aina. Ya tano sikuwa na la kuandika.

"Usiache wazi, mdogo wangu," dada akasema. "Weka chochote."

Nikaweka takwimu. Chuo cha Makande sikukiumizia kichwa: uhandisi wa mitambo chaguo la kwanza, tukafunga ukurasa, nikaenda kununua soda.

Kosa likaanzia jioni hiyo. Nilikuwa uani naongea na rafiki yangu kwa simu ya mama, nikimsimulia nilivyojaza, na baba alikuwa upande wa pili wa ukuta akikata majani ya ng'ombe. Baba yangu ni mtu mkimya, lakini akishika neno haliachii. Jumamosi yake kulikuwa na msaragambo, ile kazi ya pamoja tunayoitiana, safari hii ya kuzoa tope kwenye bwawa la kumwagilia. Katikati ya majembe nikamsikia anamwambia jirani yetu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuvaa suti:

"Binti yangu ameomba Chuo cha Makande."

"Makande?" jirani akauliza. "Hicho kiko wapi?"

"Mbali," baba akasema. "Sana."

Waliokuwa karibu wakaitikia kwa vichwa. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema, nami nikainama juu ya ndoo ya tope nikacheka mbavu zikauma. Wiki mbili nzima kijiji kiliniuliza habari za Makande. Mama mmoja alitaka kujua kama wanapokea na cheti cha ualimu. Nilijibu kila swali, tena kwa madoido.

Kisha ujumbe ukaingia kwenye simu ya baba. Nilikuwa nimechaguliwa vyuo viwili, na natakiwa kuthibitisha kimoja kabla ya mwisho wa wiki. Tukapanda gari la asubuhi, tukateremka hadi Makanya, tukashika barabara kuu kwenda Same. Baba alivaa koti.

Dada wa steshenari akafungua akaunti yangu. Chuo cha pilau kilikuwa kimenichukua, na moyo ukaruka. Nikasoma mstari wa pili: takwimu. Chini yake, Chuo cha Makande: uhandisi wa mitambo.

Niliisoma ile mistari tena na tena. Niseme kweli, nilitaka lile jina kubwa. Nilitaka kulitaja kanisani na kuliandika kwenye begi. Niliyaona akilini macho ya rafiki yangu, ambaye alikuwa amepata pilau yake kamili, nikamwonea wivu. Watu watatu walikuwa wamepanga foleni nyuma yetu.

"Mdogo wangu, kipi?" dada akauliza.

Baba akaona nimekwama, akanisaidia. "Si kile cha Makande?" akasema kwa sauti ya kutosha. "Ndicho chenye mitambo."

Foleni ikaangua kicheko. Dada naye akacheka, kisha akamgeukia kwa heshima: "Baba, hakuna chuo kinachoitwa hivyo."

Baba akanitazama. Nikamweleza, palepale, nikiwa nimeinamisha kichwa: kwamba ni utani, kwamba ni jina la chuo cha akiba, kile ambacho mtu hukichukua akikosa anachokitaka. Kadiri nilivyoeleza ndivyo utani ulivyozidi kuwa mbaya. Hakukasirika. Alifikiri, akauliza swali moja tu, na aliuliza kwa sababu alitaka kujua:

"Makande yalikukosea nini?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na ndani ya aibu hiyo nikaelewa kwamba karibu niache uhandisi kwa ajili ya jina. Nikamwambia dada jina halisi la chuo. Akaniomba namba ya siri iliyokuja na ule ujumbe, baba akaisoma kutoka kwenye simu tarakimu moja moja, nami nikabonyeza mwenyewe.

Tulikuwa tumefika kwenye baraza ya steshenari wakati simu ya baba ilipolia. Akavaa miwani, akausoma ujumbe kwa sauti na taratibu, akilirudia jina la chuo mara mbili hadi likakaa vizuri mdomoni. Hongera, ulisema, umethibitisha kujiunga. Kisha akaegemea nguzo akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Nikadhani anamwandikia mama. Nilipochungulia, nikaona anaijibu namba ileile iliyoleta ujumbe: Ahsanteni. Ana maswali mengi, mumvumilie. Ni mimi baba yake.

Ujumbe ulikataa kwenda. Nilitaka kumwambia kwamba upande wa pili hakuna mtu, ni kompyuta tu, lakini tayari alikuwa amesogea hatua mbili juani, ameinua simu juu, anajaribu tena.