Mtoto wa Jalalani

Nilipokuwa mtoto, mama yangu alikuwa na mwana ambaye hakuthubutu kumwita wake. Alikuwa mdogo wangu, tumbo moja, tukilala chumba kimoja pale Kariakoo, lakini mama akiulizwa hujibu, "Wa Mama Rehema huyu."

Kabla yake mama alikuwa ameshazika wawili. Wote walianza kwa kuvimba viganja, macho yakawa ya njano, wakalia mpaka sauti ikakauka. Bibi, mama yake baba, akasema kuna jicho linamfuata mama na kumchukulia wanawe. Basi huyu alipozaliwa, kabla ya arobaini yake, Bibi alimlaza jalalani nyuma ya nyumba, juu ya jani la mgomba. Mama Rehema, mpangaji mwenzetu muuza vitumbua, mtu wa Lindi asiye na undugu nasi hata kidogo, akapita kama mtu na safari zake, akamwokota. Kisha akampa mama amlelee. Wakamwita Jaa, yaani jalala.

"Siku utakayomwita mwanangu," Bibi alionya, "hilo jicho litajua ni wako."

Mama aliushika mwiko huo kila mahali. Kwenye foleni ya sukari watu walimtania, "Wa Mama Rehema, na hiyo pua yako kaitoa wapi?" Mama alicheka nao, kisha akageuza uso.

Jaa naye alivimba viganja angali mchanga, akapona, tukaanza kutamba. Mwaka aliotakiwa kuanza shule, maumivu yalimrudia yote kwa pamoja.

"Mama, miguu," alikuwa akiita.

"Niko hapa, Jaa," mama alimjibu, akimkanda kwa maji ya moto. Hakusema zaidi. Aliogopa. Alasiri Jaa akafa, ndipo neno lile likamtoka mama, mwanangu, mwanangu, mpaka wanawake wakamshika.

Nilipopata mimba yangu ya kwanza, daktari alinieleza kuhusu selimundu, ugonjwa wa damu unaovimbisha viganja vya watoto na kuwatia macho ya njano. Yapo magonjwa ya kurithi ambayo kasoro ya mzazi mmoja inatosha kukuumiza. Huu haumo humo. Ukiirithi kasoro yake kwa mmoja tu, urithi mzuri wa mzazi wa pili unaifunika na unaishi salama, ila unaweza kuwapa wanao. Ukiirithi kwa wote wawili, unaumwa. Baba na mama walikuwa binamu, wajukuu wa babu mmoja, wazima kabisa, na kila mmoja alikuwa nayo bila kujua.

Nilimweleza mama taratibu tukichambua mchele. Hakuuliza habari za damu.

"Kwa hiyo ningemwita mwanangu, isingemdhuru?"

"Isingemdhuru, mama."

Aliendelea kuchambua mchele uliokwisha kuwa safi.

Bibi simlaumu. Alimpenda Jaa, akajaribu kumtoa katika damu yetu, na kweli taabu ilikuwa humo. Lakini mwiko wake haukumwongezea Jaa hata siku moja. Ulimnyima neno moja, na mama yangu hadi leo analo mdomoni.