Mguu Usiojua Shikamoo

Mguu wangu wa kwanza wa bandia ulikuwa wa plastiki, na unyayo wa mpira. Mzito, mjinga, lakini mpole. Nilichechemea nao miaka sita bila kulalamika sana, maana kilichokuwa kinaniuma ni kitu kingine. Pikipiki ilinigonga nikiwa kidato cha pili, hospitali wakaukata mguu wa kulia chini ya goti, na tangu hapo hakuna mtu mzima aliyekubali nimpigie goti. Kwetu binti akimwamkia mkubwa anarudisha mguu mmoja nyuma, anakunja magoti kidogo, ndipo anasema shikamoo. Mimi nikianza tu kukunja, wananiwahi: "Acha, acha mwanangu, wewe umesamehewa." Wanasema kwa huruma, najua. Lakini ukisamehewa kila siku na hujamkosea mtu, unachoka.

Basi niliposikia kuna mradi unatafuta watu wa kujaribu kifundo cha mguu chenye mota, nilijiandikisha hata kabla sijauliza kinafananaje. Fundi wa viungo bandia alinionyesha betri nyuma ya kifundo, akaniambia ndani kuna kitu kinachohisi mwili ukishapita mbele ya unyayo. Hapo chenyewe kinakusukuma uende. "Ni kama mtu anakusindikiza," alisema. Nikatembea kwenye korido yao, zii, zii, kinanisukuma kweli, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Kwenye basi la kurudi Singida nilishapanga kila kitu. Nitacheza harusini. Nitafungua duka la mapazia, tena ghorofani, maana ngazi si shida tena. Na nitaamkia watu kama binti mwingine yeyote.

Asubuhi ya kwanza pale mtaani kwetu Mandewa nilimkuta bibi jirani yetu anafagia uwanja. Nikaweka kanga yangu sawa, nikarudisha mguu wa kulia nyuma, nikakunja magoti.

"Shikamoo bi..."

Kifundo kikanisukuma. Kilihisi nimelalia vidole, kikadhani naondoka, kikanipa nguvu za safari. Nilimpita bibi wa watu, nikaenda kuukumbatia ukuta wa jiko lake.

"Marahaba," alisema bibi, ufagio mkononi. "Sasa mbona unakimbia?"

Nilicheka siku hiyo. Siku ya pili nilicheka kidogo. Siku ya tatu nilimvamia mzee mmoja wa kanisani, nikamwangushia kofia, sikucheka tena. Nikajaribu kurudisha mguu wa kushoto nyuma badala ya wa kulia. Kikanisukuma vilevile, ila sasa kwa kunirusha juu, nikaonekana naruka kamba mbele ya watu wazima. Na mji wetu ni wa mawe na wazee, huendi hatua ishirini hujakutana na kimojawapo. Mawe kifundo kiliyaweza.

Nikampigia fundi simu.

"Kwenye ngazi kinafanyaje?"

"Vizuri."

"Kwenye mteremko?"

"Vizuri tu."

"Sasa shida iko wapi, dada?"

"Kwenye shikamoo."

"Kwenye nini?"

Nikamweleza. Nikamsikia anajizuia kucheka, halafu akashindwa. "Hiyo hatukuiweka," alisema. "Waliokitengeneza labda hawaamkiani hivyo. Wewe kizime kwanza. Bonyeza kitufe cha nyuma, hesabu mpaka tatu, kikilia ujue kimezima."

Kitufe chenyewe kiko chini kabisa, juu kidogo ya kisigino. Kwa hiyo nikimwona mkubwa anakuja, nainama mpaka kichwa kinakaribia viatu vyake, nabonyeza, nahesabu, kinalia pii, ndipo naamkia. Akishapita nainama tena kukiwasha, nasubiri kiamke. Sokoni, safari ya dakika kumi, ikawa nusu saa na mgongo juu. Kibaya zaidi, wazee wakaanza kunisifu. "Huyu mtoto kalelewa. Anainama mpaka ardhini!" Mama yangu aliletewa pongezi. Mimi nilijiona mwizi. Jioni moja nilikivua, nikakiweka kitandani, nikakisema: "Wewe ngazi unazijua, adabu huijui? Nani alikufunza?" Nikajisikia vibaya baadaye, nikakipangusa vumbi.

Wiki hiyohiyo mchumba wangu akaniambia, "Mama anataka kukuona. Jumamosi twende kwetu Issuna."

Hapo nilipoteza usingizi. Huyo mama sikutaka anione nainamia kitufe, wala sikutaka kumrukia. Nilitaka kumwamkia tu, kama mkwe anavyomwamkia mama. Nikafanya mazoezi chumbani nimeshika meza. Nilianguka mara nyingi, nikavunja na thermosi ya mama.

Jumamosi tulimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake. Sijafika hata karibu, akainua mkono.

"Usipige goti, mwanangu. Nimeshaambiwa. Wewe umesamehewa."

Nilimgeukia mchumba wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nilitaka kukusaidia," alinong'ona.

"Nani alikutuma?"

Nilikuwa nimekasirika hasa. Nikamwambia mama, "Hapana mama, naomba nikuamkie," na sauti ikatoka kali kuliko nilivyotaka. Sikugusa kitufe. Nilishuka chini kabisa, magoti yote mawili mchangani, na gauni langu jipya. Barabarani mtu hafanyi hivyo, hayo ni ya nyumbani, tena ya siku kubwa. Kifundo kikabaki nyuma yangu kimelala, hakina pa kusukumia. Kikasema zii mara moja, kikanyamaza.

"Shikamoo mama."

Alinitazama. "Marahaba, mwanangu." Kisha akaendelea na salamu kwa Kinyaturu chetu, taratibu, hakufupisha hata kidogo: nyumbani hawajambo, mama yako, mvua huko kwenu, kuku. Nikajibu kila kimoja. Magoti yanawaka moto.

Kazi ikawa kuinuka. Nikaleta mguu wa kulia mbele nijiinulie, kifundo kikasukuma kabla sijawa tayari, nikakaa chini pwaa! Nikarudia. Pwaa! Mara ya tatu nikabaki hapohapo, machozi ya hasira yako karibu. Mchumba wangu akaja na mikono miwili mbele.

"Mwache," alisema mama yake.

Nikasubiri anihurumie. Yeye akavuta ungo wa mtama uliokuwa pembeni yake, akausogeza mpaka mbele ya magoti yangu.

"Maadamu uko huko chini, nitolee mawe humo. Mtama huo unakwenda mashine leo."

Nikanyoosha miguu yote miwili, ule wa betri na wa kwangu, nikaanza kuchambua. Alinipokonya ungo kabla sijamaliza vizuri, akapitisha vidole, akaibuka na kijiwe. Akakileta mpaka karibu na pua yangu.

"Na hiki? Hiki umemwachia nani? Baba yake huyu kabakiwa na meno manne."

"Sijakiona, mama."

"Hukukitazama. Rudia wote."

Akanirudishia ungo, nami nikaanza upya.