Sura ya Baba Jeanne

Nakumbuka asubuhi moja ya likizo kubwa, mwanangu, na kila nikiikumbuka uso huniwaka, ingawa mvi zimenijaa na watoto wa mtaa mzima wananiita Koko, yaani bibi. Nimesikia unakusanya michoro ya karatasi kwa ajili ya maonyesho ya vijana, na kwamba mingine unaiazima majumbani mwa watu. Basi weka penseli chini kidogo unisikilize. Sina jambo la kujisifu hapa.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na hapa Bunia nilikuwa nimeanza kujulikana kama binti anayejua kuchora. Muzee Anselme, mwalimu mstaafu, alikuwa amegeuza duka la zamani la vitambaa kule mtaa wa Mbunya kuwa nyumba ya sanaa. Kila likizo kubwa alitukusanya wachoraji kumi au kumi na wawili tuonyeshe kazi zetu pamoja, kwa sharti moja tu: ziwe za karatasi. Tulichora kwenye karatasi za daftari, kwenye maboksi, hata kwenye mifuko ya simenti iliyokung'utwa vizuri. Kuta zilikuwa zinabanduka, kwa hiyo tulitundika kazi kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na lori likipita barabarani maonyesho yote yalitikisika. Usicheke. Tulijiona watu wakubwa.

Mwaka ule nilipeleka michoro minne ya sokoni, niliyojivunia mno, na mmoja ambao haukuwa wangu. Nasema haukuwa wangu, japo mkono ulioshika mkaa ni huu unaouona.

Ulikuwa wa Mama Jeanne, mjane aliyekimbia vita kutoka Djugu na watoto watatu, akawa anaishi kwenye kambi ya wakimbizi hapa mjini. Mumewe aliuawa, nyumba ikachomwa, na picha zote za mume yule zikateketea humo. Siku ya kuondoa matanga ilikuwa inakaribia, na unajua mambo yetu: meza hutandikwa kitambaa cheupe, picha ya marehemu huwekwa juu yake, na wageni husimama kwanza mbele yake ndipo wakae. Mama Jeanne hakuwa na cha kuweka mezani. Akaniuliza kama ninaweza kumchora mtu ambaye sikuwahi kumwona.

Tulimtafuta kwa alasiri tatu. Yeye aliketi mlangoni kwake kambini akichambua maharage na kunielekeza, mimi nikichora na kufuta kwenye kipande cha mfuko wa simenti. Masikio yalikaa mbele kidogo. Nyusi, hapana, hazikuwa nzito hivyo. Mwishoni tulikwama kwenye shavu la kushoto, lililokuwa limebonyea kwa sababu ya meno yaliyong'olewa. Maneno yalimwishia. Akaacha maharage yake, akabonyeza dole gumba juu ya karatasi na kuuburuta mkaa taratibu mpaka chini ya taya. Kisha akalia, nami nikalia naye, maana mumewe alikuwa ametokea.

Hapo ningeishia, mwanangu, leo ningekuwa nakuhadithia wema. Lakini nilirudi kuuazima. Nilimwambia nataka watu wauone kwenye maonyesho, yatakwisha Alhamisi, na matanga yenyewe ni Jumamosi. Alisita. Akasema karatasi ile ndiyo mtu wake. Nikamwapia kwamba Ijumaa asubuhi itakuwa mikononi mwake, naye akaniamini, akaifunga ndani ya kitenge chake ili isipate vumbi.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku ya tatu ya maonyesho alifika mgeni kutoka Kinshasa, mtu wa miwani na maneno laini, akitafuta kazi za kupeleka kwenye maonyesho makubwa huko. Michoro yangu ya sokoni aliipita kama mtu anavyopita kwenye foleni ya watu asiowajua. Mbele ya mchoro wa Baba Jeanne alisimama. Alisema anataka huo, kwamba jina langu litaandikwa chini yake, na kwamba ndege yake inaondoka kesho. Nilisikia kichwa kikipaa.

Muzee Anselme alikuwa na daftari la kuandika kila kazi inayotoka. Aliinua kalamu, akanitazama juu ya miwani yake.

"Iko ya weye kupeana?" aliniuliza.

"Ndiyo, Muzee."

Neno moja tu, na nililisema bila kutetemeka. Hilo ndilo linaloniaibisha hadi leo, kwamba halikunisumbua hata kidogo. Nilikwisha kujipangia: mkono wangu ndio uliochora mara ya kwanza, utachora na mara ya pili. Jioni ile ile nilikata kipande kingine cha mfuko ule ule wa simenti, nikamchora tena Baba Jeanne kutoka kichwani. Masikio yalikaa mbele. Shavu nililipaka kivuli kwa kitambaa nilichokizungusha, nadhifu kuliko mwanzo. Nilidiriki hata kufikiri kwamba huu ni bora zaidi.

Ijumaa nikampelekea karatasi ile mpya. Aliikunjua magotini, akatazama kwa muda mrefu. Akaweka dole gumba lake juu ya lile shavu, akaliondoa, akaliweka tena.

"Kidole yangu haiko hapa," akasema.

Nikamwambia labda mkaa ulifutika njiani. Uongo wa pili, nao ulitoka mwepesi kuliko wa kwanza.

"Nililala pembeni ya hii sura myaka kumi na ine, dada. Usinifundishe. Bwana yangu ulimupeleka wapi?"

Nikamweleza, macho chini. Hakunitukana. Aliikunja ile karatasi kwa adabu, akanirudishia, akainuka kwenda kufua nguo za watoto. Nilikimbia hadi Mbunya. Muzee Anselme alimpigia yule mgeni simu siku nzima, na alipopokea alisema furushi limekwisha kukabidhiwa watu wengine. Tuliuliza huku na huko kwa miezi, mchoro haukuonekana tena. Muzee alifunga daftari lake akaniambia, "Nilikuuliza mara moja tu, sababu nilikuheshimia." Hakunifokea, lakini sikupata tena nafasi kwenye kamba zake.

Ungedhani aibu imekwisha hapo. Jumamosi nilikwenda matangani, nikidhani kwenda kwenyewe ni ushujaa. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe, na juu yake palikuwa na Biblia tu. Wageni walisimama mbele yake wasijue watazame nini. Mdogo wa marehemu, aliyesafiri kutoka Nia-Nia akiwa amesikia kwamba kaka yake amechorwa, akauliza mbele ya watu wote picha iko wapi.

Mama Jeanne alinitazama. Nilikuwa nimekaa na wanawake, sahani ya wali magotini.

"Iliharibika na mvua," akajibu. "Siyo kosa ya mutu."

Shemeji yake akapandisha sauti. Akasema mwanamke asiyeweza kutunza karatasi moja atatunzaje watoto wa kaka yake. Wazee wa ukoo wakatikisa vichwa. Yeye akainama akapokea yote, akiwa bado na nguo zake nyeusi ambazo walikuwa wamvue siku ile. Nilichotakiwa ni kusimama tu. Neno lilifika hapa kooni. Nikalimeza pamoja na wali, mwanangu, nikaendelea kula.

Wiki mbili baadaye nilijipa moyo nikaenda kambini nimwombe msamaha, na kama angetaka, nimfuate shemeji yake nimweleze ukweli. Majirani wakaniambia amehamia upande wa Komanda na watoto, kwa watu wa mama yake. Nilimtafuta mara mbili nisimpate. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu sasa ni mtu mzima, bado anakaa kwangu.

Kwa hiyo nisikilize. Kitu cha mtu hakiwi chako kwa sababu mkono wako ulikitengeneza. Ukiazima karatasi ya mtu, muulize inabeba nini, umsikilize mpaka amalize, na siku uliyoahidi kurudisha usiisogeze hata akija nani na sifa zake. Ukikosea, na utakosea, usikimbilie kutengeneza mfano wa kitu ulichopoteza. Nenda mikono mitupu useme umekipoteza. Na ukiona mwenzako anabebeshwa kosa lako mbele ya watu, simama hapo hapo, hata kama mdomo umejaa chakula. Kusema kesho si sawa na kusema leo, maana kesho mtu huyo anaweza kuwa amehama.

Mungu akulinde katika kazi yako, mwanangu. Akuweke mbali na sifa zinazokuja kwa haraka. Na siku watakapouliza ni nani aliyefanya hivi, akupe sauti ya kusema, "Ni mimi."