Fomu Haikuuliza

Kwa miaka kumi na tisa Mama Darubini alisoma vioo vya damu katika maabara ile ile, juu ya kiti kile kile. Wakubwa wake walimfundisha kanuni moja: jibu ulichoulizwa. Fomu ikiuliza malaria, andika ipo au haipo. Mengine si yako.

Siku moja alikuja mdogo wake, mchimba mitaro, anakohoa na kujikuna, fomu ya kuuliza malaria mkononi.

"Dada, nisome vizuri. Usije ukanipa ugonjwa wa mwenzangu."

"Wewe kwanza vaa viatu."

"Viatu? Matope ya kule hayana adabu, yanamvua mtu hata buti!"

Malaria haikuwepo. Lakini kioo kilijaa chembe nyeupe zenye punje nyekundu, askari ambao mwili huwaita unapotambua minyoo, kama ile inayopenya nyayo za asiyevaa viatu. Utumbo ukijeruhiwa na mnyoo hupiga mbiu wenyewe, hata kama chooni hakujaonekana kitu. Mama Darubini alilijua hilo. Akaitazama foleni, akaandika: "Malaria haipo."

Daktari, asiyejua lolote, alidhani ni pumu. Akampa vidonge vikali vya kutuliza kifua.

Baada ya wiki mbili mdogo mtu alirudi, pumzi imemkaa vizuri kidogo. Dada akampima tena. Askari hakuonekana hata mmoja.

"Umepona, mdogo wangu," akamwambia, naye akafurahi kweli.

Hakuwa amepona. Vidonge vile hushusha kinga ya mwili; vilikuwa vimewalaza askari, na minyoo, ilipokosa wa kuizuia, ikazaana na kutoka utumboni kwenda mapafuni.

Siku ya tano baada ya hapo alilazwa. Makohozi yake yaliletwa maabara na fomu iliyouliza kifua kikuu. Mama Darubini akainamia darubini, akaona mabuu ya minyoo yakijipinda kila alipotazama. Safari hii aliandika yote, ya leo na ya siku ile ya kwanza, hadi nyuma ya karatasi, akakimbia nayo wodini.

Mwili wa kijana yule ulikuwa umesema kweli mapema. Aliyenyamaza ni mwenye macho.

"Dada," mgonjwa akanong'ona, "leo umeniandikia nini?"

"Yote."

"Eh. Kumbe unajua kuandika."

Dawa ya minyoo ilifika wodini saa kumi alasiri. Muuguzi aliirudisha ikiwa bado imefungwa; kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka jipya.