Aliyeshuka Igawa

Usiku ule sikulala. Gwakisa, mshenga wetu, alikuwa ameondoka Mbeya alfajiri kwenda Iringa kupeleka posa ya mwanangu Ipyana, na aliniahidi kupiga simu akitoka tu nyumbani kwa wazazi wa binti. Jua likazama hajapiga. Nikaiweka simu mezani kifudifudi, nikaigeuza chali, nikaipangusa kioo kama vile vumbi ndilo lililoizuia isiite. Ipyana alijifanya anaangalia mpira kwenye simu yake, lakini sauti alikuwa ameizima.

"Mama, lala. Mzee Gwakisa anapenda kula. Labda wamemchinjia kuku."

"Kuku gani anayeliwa mpaka saa sita ya usiku?"

Simu ilipoita, Gwakisa hakunisalimia.

"Mama Ipyana, wameirudisha barua ndani ya kitambaa chake. Hawakuifungua."

"Kwa kosa gani?"

"Mzee Liberatus anasema hawezi kumwoza Jackline kwenye nyumba ya mwizi. Wamesikia redioni. Yule Clement wa bendi."

Niliikata simu ili Ipyana asisikie, lakini alikuwa ameshasikia. Hakulia wala hakugombana. Aliniuliza polepole, kama mtu anayeuliza kama chumvi imekwisha: "Mama, baba alikuwa mwizi?"

Kwa swali hilo tu, Clement alistahili kila kilichompata baadaye.

Mume wangu Jailos alikuwa fundi redio hapa mtaani kwetu Soweto, Mbeya. Watu wengi wanamkumbuka hivyo: mtu mrefu aliyeinama juu ya meza, bisibisi mdomoni, asiyependa maneno. Wachache wanajua kwamba kabla ya hapo alikuwa mpiga gitaa. Alizaliwa kule juu Uporoto, kwenye viazi na baridi, akashuka mjini kijana, akawapata wenzake, wakaunda bendi wakaiita Loleza Roki. Wao waliuita muziki wao roki. Mama yangu aliuita mashine ya mbao. Jailos alipiga gitaa la solo, jekundu, na alilipenda kuliko viatu vyake. Yotamu alipiga ngoma. Wa besi alishafariki. Clement aliimba, na kwa kuwa alisimama mbele, watu walidhani bendi ni yake. Yeye mwenyewe alidhani hivyo zaidi ya watu.

Bendi ilikufa usiku mmoja wa mvua. Walikuwa wanarudi na lori la mzigo kutoka kupiga Iringa. Mimi nilikuwa Igawa kwa shangazi yangu, nimepelekwa kule kujifungua. Lori liliposimama Igawa, Jailos akashuka, wenzake wakaendelea na safari ya Mbeya. Ipyana alizaliwa kabla jua halijatoka. Baba yake alimpokea akiwa ameloa mpaka ndani, na ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu kama kwato. Nilimwambia asimguse mtoto usoni.

Nilipomuuliza gitaa liko wapi, alisema, "Liko kwenye lori. Wenzangu wataniletea."

Hawakuleta. Clement alikwenda Dar es Salaam, Yotamu akaingia kwenye kilimo cha mpunga, na sisi tukakaa Igawa miaka kadhaa kabla ya kuhamia hapa. Nilimwambia Jailos awatafute. Akanijibu, "Mtu hafuatilii kitu chake kwa ndugu zake. Watakuja." Basi kila mlango ulipogongwa, hata na muuza mkaa, alikuwa mtu wa kwanza kuinuka. Kifua ndicho kilichomwondoa. Hakuwahi kusikia kwamba wenzake walikuwa wanamwita mwizi, na hilo namshukuru Mungu.

Mwaka huu Clement amerudi Mbeya na kofia ya ngozi. Redio moja ya hapa ikampa kipindi kila Jumamosi, asimulie historia ya bendi za zamani. Akasimulia yake. Akasema gitaa na amplifaya viliondoka na Jailos usiku ule. Akasema, "Loleza Roki iliuawa na mkono mmoja, na mkono huo ulishuka Igawa." Mtangazaji akacheka, akamwomba arudie. Akarudia. Kipindi kinasikika mpaka Iringa.

Nilimfuata mtangazaji yule. Alinikaribisha vizuri, akaninunulia soda, kisha akaniambia, "Mama, wewe ni mke. Mke atasema nini? Historia ya bendi tunaichukua kwa mwanabendi." Nikaiacha soda nusu. Nikasema moyoni: mwanabendi mnamtaka, mwanabendi mtampata. Clement alimvua mume wangu nguo mbele ya watu. Na mimi nitamvua hapo hapo mbele ya watu.

Nilipanda basi mpaka Rujewa, kisha gari la Madibira. Yotamu nilimkuta shambani. Mpunga ulikuwa unaiva na alikuwa akiamia ndege kwa kupiga debe. Ukisikiliza vizuri, lile debe lilikuwa na mapigo kamili, na mkono wa kushoto ulikuwa bado unachelewa kidogo kama zamani.

"Shemeji!" alipaza sauti. "Mke wa mwizi wa magitaa! Karibu, ficha masufuria!"

Alikuwa anatania. Nilimwacha acheke mpaka amalize.

"Yotamu, ulimwona?"

"Nani?"

"Jailos. Akishuka na gitaa."

Aliacha kupiga debe. Ndege wakatua.

"Kumwona kwa macho... Shemeji, mimi nililala. Tulikuwa tumekesha tukipiga. Nilipoamka tuko Chimala, turubai limefunguka upande mmoja, gitaa hakuna, amplifaya hakuna, Jailos hakuna. Clement ndiye aliyeniambia kwamba Jailos ameshuka navyo."

"Clement alikuwa huko nyuma na ninyi?"

"Clement? Mkubwa wa bendi alale kwenye magunia? Alikuwa mbele na dereva."

"Sasa alimwonaje?"

Alijikuna kichwa kwa fimbo ya debe. "Labda kwenye kioo cha pembeni."

"Usiku, na mvua."

"Eeh. Mvua ilikuwa kubwa. Yaani habari hii nimeisimulia sana, shemeji, mpaka namwona Jailos anavyoruka dimbwi na gitaa begani."

"Ulikuwa umelala."

Ndege walikuwa wanakula mpunga wake na hakuwatazama. "Ndiyo," akasema. "Nilikuwa nimelala."

Niliporudi mjini nilikwenda kwa Clement, mtaa wa Forest. Nilivaa kitenge kilichopauka na niliongea kwa upole. Alinipa kiti kizuri.

"Kaka Clement, sikuja kwa ugomvi. Nimekuja kuuliza tu. Ulimwona Jailos akishuka na vitu?"

"Mama, mimi nilikuwa mbele na dereva, siwezi kukudanganya. Lakini Yotamu alikuwa naye kule nyuma. Alimwona kwa macho yake mawili. Yeye ndiye aliyeniambia."

Nilitazama chini ili asiyaone macho yangu. Hapo ningeweza kumweleza. Mwanamke mwema angemweleza pale pale, wakaelewana, wakanywa chai. Nilimkumbuka mwanangu na swali lake la usiku, nikasema:

"Basi kaka, ungemwita Yotamu kwenye kipindi atoe ushahidi, watu wote wasikie. Hata mimi nafsi yangu itatulia."

Akapiga kofi moja gotini. "Umesema vizuri! Sema namba yake nilishaipoteza."

"Mimi ninayo."

Yotamu sikumfundisha kitu. Nilimwambia neno moja: ukiulizwa, sema ulichokiona. Halafu nikamwambia Gwakisa ampigie mzee Liberatus, Jumamosi asiizime redio.

Jumamosi ilipofika niliiwasha redio ya Jailos, ile aliyoifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Ipyana alikaa mlangoni. Clement alianza kwa madoido yake, akasema leo historia inakuja na shahidi, kisha Yotamu akaunganishwa kwa simu kutoka Madibira. Nyuma yake nilisikia mtu akipiga debe.

"Yotamu ndugu yangu, hebu waambie wasikilizaji ulivyomwona."

"Nilivyomwona nani?"

"Jailos! Akishuka na gitaa, pale Igawa."

"Aa, kaka, mimi nilikuwa nimelala. Si wewe uliyeniambia?"

"Mimi? Mimi nilikuwa mbele! Wewe ndiye uliyeniambia mimi!"

"Wewe, kaka. Pale Chimala. Ulikuwa unatafuna karanga."

"Sikutafuna karanga!"

Mtangazaji alikohoa. Kisha wakaweka wimbo, na wimbo wenyewe haukuisha mpaka kipindi kikaisha.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Katika bendi ile Clement alianzisha na wenzake wakaitikia. Hivyo ndivyo walivyofanya na jina la mume wangu: huyu ameanzisha, yule ameitikia, na kila mmoja akadhani wimbo ameutunga mwenzake. Waliouimba hawakumwona Jailos, na waliousikiliza walisema huu ndio ukweli kwa kuwa umetoka kwa mwanabendi.

Jumatatu sokoni Soweto wanawake walikuwa wanaulizana, "Dada, umekula nyanya zangu?" na kujibiana, "Sikutafuna karanga!" Nasikia watoto wa Forest walimwimbia hivyo hivyo Clement mpaka akaiacha kofia yake nyumbani. Kipindi kikapewa mtu mwingine. Wiki nzima nililala usingizi kama wa mtu aliyeshiba.

Kisha mzee Liberatus akapiga simu mwenyewe.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba."

"Nimesikiliza. Nilichosikia ni kwamba hawajui. Lakini mama, kutojua hakujamsafisha mtu. Mdomo uliomchafua mume wako uje umsafishe hapa kwangu, mbele ya ukoo. Bila hivyo watu wangu watasema tumeokota mkwe kwenye mabishano ya redio. Binti analia hapa, nami sipendi alie. Mlete huyo Clement."

Nilibaki nimeshika simu. Mtu niliyemvunja ndiye mtu niliyemhitaji.

"Mama, nenda kamwombe," Ipyana alisema.

"Nimwombe Clement? Labda nikiwa ndani ya sanduku."

"Basi Jackline aolewe na mwingine?"

Alichukua koti lake akatoka, na sikumuuliza anakwenda wapi, kwa sababu nilijua. Mvua ilianza muda huo. Nilifunga mlango, nikavuta komeo, nikakaa nikitazama mlango kama Jailos alivyokuwa akiutazama.

Ulipogongwa, jioni ilikuwa haijaingia bado.

"Mama, ni mimi. Niko na mzee Clement."

Nilisimama, nikaweka mkono kwenye komeo. Sikulivuta.

"Nani amemwita?"

"Mama, tunalowa."

"Mama Ipyana," Clement alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa lipi?"

"Kwa maneno ya redioni."

"Maneno yapi? Redio ina maneno mengi."

"Ya Jailos."

"Usiku ule Igawa uliona nini?"

Mvua ilipiga bati. Nilisikia mlango wa jirani ukifunguliwa, nikafurahi.

"Sikuona kitu."

"Mvua inaniziba masikio. Sema kwa sauti ya jukwaani."

"Sikuona kitu!"

"Tena. Na jina."

"Sikumwona Jailos na gitaa! Sikumwona!" Sasa hata mlango wa pili ulikuwa umefunguliwa. Aliimba kwa miaka mingi, lakini sidhani kama aliwahi kusikilizwa vile. Kisha akasogea karibu na mbao, akasema kwa chini, "Na wewe je, mama? Wewe ulimwona akiingia mikono mitupu?"

Swali lile lilinichoma kwa sababu halikuwa la kijinga. Jailos alipoingia kwa shangazi mimi nilikuwa nimefumba macho, nimeuma kona ya kanga. Mikono yake niliiona baadaye, ikiwa na mtoto. Kwamba aliingia hana kitu aliniambia shangazi. Ningeweza kudanganya, na kwa Clement sikuona dhambi ya kudanganya. Lakini niliwaza kwamba nikidanganya nitakuwa nimeingia kwenye bendi yao.

"Akiingia sikumwona," nilisema. "Nilichoona ni hiki. Nimelala naye chumba kimoja mpaka anakufa, na gitaa si hirizi ya kuficha kiunoni. Na miaka yote hiyo, kila mlango ulipogongwa, Jailos aliinuka akidhani ni wewe umemletea gitaa lake."

Hilo hata Ipyana sikuwahi kumwambia. Niliposikia sauti ya Clement tena, haikuwa kwa ajili ya majirani.

"Hatukuja."

"Hamkuja."

"Tulidhani yeye ndiye..."

"Mlidhani. Jumamosi utapanda basi la Iringa pamoja nami. Utasimama mbele ya mzee Liberatus na ukoo wake, na utayasema yote haya, na hilo la kudhani utalisema pia. Hutakaa mpaka umalize."

"Nitasimama."

"Na sijakusamehe, Clement. Usije ukakosea ukasimulia huko mbele kwamba nilikusamehe."

"Nimekuelewa, mama."

Nilimwacha alowe kidogo tena, kama Jailos alivyolowa. Halafu nikamsikia mwanangu anakohoa, kikohozi cha baba yake, nikavuta komeo.