Vali Niliyoifunga kwa Waya

Jamaa, leo nusura niue darasa zima.

Nabandika hapa kwenye ubao wa matangazo kwa sababu siwezi kumsimulia kila mtu.

Mnajua Mzungu wa karakana amenipa kazi ya kufundisha wachochea moto, alasiri mbili kwa wiki, hapa hapa mgodini. Somo la leo lilikuwa boila, tangi la kuchemshia maji ya mvuke.

Kati ya wanafunzi wangu yumo baba mkwe wangu. (Haya, chekeni.)

Vali ya usalama, ile inayotoa mvuke ukizidi, ilikuwa inapiga kelele. Nikaifunga kwa waya ili nisikike. Mimi! Mwalimu!

Nikageukia ubao, nikaanza kuchora, nikaonya mtu asinikatize.

Nyuma yangu mshale wa presha ukapita alama nyekundu.

Mzee aliuona. Lakini mimi naye hatusemezani ana kwa ana, ndiyo heshima ya ukwe nyumbani kwao. Neno lake hunifikia kupitia mtu. Akamnong'oneza jirani yake. Jirani akanyoosha mkono, akasubiri nimalize.

Akasubiri!

Nikasikia chuma kinalia. Nikageuka, nikauona mshale.

Mzee akanisukuma kando, akaukata waya kwa koleo. Mvuke ukafoka, wote tukalala chini.

Kisha akanitazama usoni:

"Wewe! Unataka Kabula wangu awe mjane?"

Mwaka wa sita huu tangu nimwoe Kabula, binti yake. Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya mzee kwangu.

Sasa nishaurini, jamani: radhi nimwombe kupitia kwa nani?