Shahidi katika Migomba

Sina imani na mtu aanzaye habari yake kwa neno "wanasema". Nilifundisha historia kwa muda mrefu kabla sijakabidhiwa uongozi wa shule ya sekondari, na kila mwaka somo langu la kwanza lilikuwa lile lile: nani aliona, alisimama wapi, na alikuwa na faida gani katika kuyasema aliyoyasema. Wanafunzi hawakunipenda kwa sababu hiyo. Watu wazima wa Uvira, ambao bado huniita Prefe ingawa shule imekwisha kupata Prefe mwingine, wamenivumilia, ila nimeona kwamba baadhi yao hubadili mazungumzo ninapoketi. Ni kanuni hiyo hiyo iliyonifikisha, mchana kweupe, nikiwa nimevaa koti la suti, katikati ya migomba ya rafiki yangu huko Kalundu.

Rafiki huyo alistaafu kazi ya forodha bandarini, ambako alikuwa mkuu wa ofisi. Nami humwita Shefu. Mwanawe alimwachia kompyuta ambayo hakuihitaji tena. Siku moja Shefu aliichukua hadi Kimanga, kwa mfanyabiashara anayenakili filamu na nyimbo, akarudi na nyimbo za kwaya alizozitaka na mchezo wa kijasusi ambao hakuutaka. Mchezo ulikuwa matabishi, kama ile konzi ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, ambayo muuzaji huongeza juu ya kipimo.

Haki isemwe: mchezo ule ni wa hovyo. Theluji huanguka mfululizo, hata ndani ya ghala lenye paa. Walinzi wote wana uso mmoja, kana kwamba waliajiriwa kutoka tumbo moja, na buti zao hulia kabla hazijakanyaga. Mlinzi mmoja huweza kukuona kupitia ukuta wa matofali. Mwenzake, ambaye umesimama ubavuni pake, hana habari. Wakigundua kwamba pana mtu, hupiga kelele, huzunguka kidogo, kisha hutangaza kuwa mambo ni salama, huku mwenzao amelala miguuni pao. Nilimwambia Shefu kwamba kwa walinzi kama hao, wanafunzi wangu wangalihamisha hata madarasa. Kibaya zaidi, mchezo haukumbuki kitu. Umeme ukikatika, na kwetu hukatika, unarudi mwanzo kabisa. Hata ukiimaliza kazi ya mwisho hupati pongezi, alama wala cheti: unarejeshwa kwenye ukurasa wa kwanza kana kwamba hukufanya lolote. Nadhani hapo ndipo watengenezaji walipoishiwa. Na mlinzi akikuona, yanatokea maneno ya Kifaransa kibovu ambayo sisi wawili tuliyafasiri hivi: Umeonekana, anza mwanzo.

Tafsiri hiyo tuliifanya kuwa mali yetu. Shefu alipomwaga chai kisha akajaribu kuifunika kwa gazeti, nilimwambia: "Umeonekana."

Pamoja na kasoro zote hizo, nilikwenda kwake kila alasiri. Mtu aliyeongoza shule hapa kwetu hawezi kununua sabuni bila nyumba tatu kujua ni ya rangi gani. Hawezi kutoka mlangoni asisalimiwe, na salamu zetu hazina haraka: huanza na yeye, zikaingia kwa mkewe, zikapita kwa watoto, zikaishia gotini ikiwa inajulikana kwamba ana goti bovu. Asiyeitikia husemekana ni mgonjwa au ana majivuno. Ndipo nikamwona jasusi yule mwenye nguo nyeusi, amechuchumaa nyuma ya pipa, watu wanapita mbele yake na hakuna hata mmoja anayemwuliza habari za nyumbani. Nilimwonea wivu.

Kumwongoza, hata hivyo, kulinishinda. Kitufe cha kuchuchumaa kinapakana na kitufe cha kupiga mluzi, na vidole vyangu vilizoea chaki. Kila nilipomfikisha jasusi nyuma ya mlinzi, alipiga mluzi. Shefu alicheka hadi akavua miwani.

"Weye hauko jasusi, Prefe," aliniambia. "Weye iko kengele ya masomo."

Kwa hiyo yeye alicheza, nami niliketi nyuma yake nikimsahihisha.

Jumapili moja, tulipokuwa tukitoka ibadani, alinijia mbele ya wazee wenzetu, uso umemchangamka.

"Minye nimemaliza," alisema. "Jana. Ghala la mwisho, mwanzo mpaka mwisho, hakuna askari hata moja aliniona."

"Na ni nani aliyekuona usionekane?" nikauliza.

Wazee walicheka. Yeye hakucheka.

"Minye mwenyewe."

"Mtendaji hawezi kuwa shahidi wa pekee wa tendo lake."

"Basi unasema nadanganya?"

"Sisemi hivyo. Nasema ushahidi haupo."

Kimantiki sioni kosa katika maneno hayo hadi leo. Lakini nilisahau ninazungumza na nani. Kwa watu wengi hapa, mtu wa forodha ni mtu aliyekula. Na yule ambaye hakula hana namna ya kulithibitisha, maana kitu kisichopokelewa hakiachi alama. Shefu alikaa bandarini miaka yake yote ya kazi, akatoka na nyumba ile ile aliyoingia nayo. Wanasema mengi juu yake. Katika mji mzima mimi ndiye sikuwahi kumwuliza kitu, na sasa mimi ndiye niliyemdai shahidi hadharani, tena kwa ajili ya mchezo wa matabishi.

Hakunifukuza. Alifanya jambo zito zaidi: alinipokea kwa heshima. Siku zote chai yangu ilikuwa ndani ya kikombe cha bati kilichobanduka rangi ukingoni. Sasa nililetewa kikombe cha udongo chenye maua na kisahani chake, kile cha wageni. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa. Tulizungumza juu ya mvua na mpunga wa Lubarika, kwa sentensi kamili. Nilipomwomba acheze mbele yangu ili jambo liishe, alitikisa kichwa.

"Mbele yako siwezi. Ukikaa nyuma yangu, mikono inatetemeka."

Jibu kama hilo, lingetoka kwa mwanafunzi, ningelipigia mstari mwekundu.

Nilirudi nyumbani nikiwaza. Nilitaka rafiki yangu arudi, pamoja na kikombe changu. Wakati huo huo sikutaka kutamka kwamba nasadiki jambo nisiloliona. Njia ya kuyapata yote mawili ilikuwa moja tu: nimwone akicheza pasipo yeye kujua. Nilifahamu kwamba hucheza baada ya usingizi wa mchana, dirisha likiwa wazi kwa ajili ya upepo wa ziwa. Chini ya dirisha hilo kuna migomba, na kando ya migomba inapita njia ipandayo kutoka pale wavuvi wanaposhushia samaki.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta nimechuchumaa mahali ambapo mtu wa umri wangu hachuchumai, jani bichi likinipapasa shingo. Kioo cha kompyuta nilikiona vizuri juu ya bega la Shefu. Alikuwa ameshaingia ghala la mwisho, na lazima nikiri kwamba nilistaajabu. Alisubiri. Aliwaacha walinzi wapite, wageuke, wapite tena, ndipo akamsogeza jasusi kutoka pipa hadi kreti kwa utulivu ambao sikuwahi kuuona nilipokuwa chumbani. Mara mbili nilikaribia kumwambia "kushoto", nikajiuma mdomo. Ilibaki korido moja na mlinzi mmoja.

"Jambo, Prefe."

Nyuma yangu, njiani, alisimama jirani wa Shefu, mama mmoja muuza samaki, beseni la ndagala kichwani. Nilifanya kama jasusi: sikupumua.

"Prefe, minasema jambo."

Jasusi hana malezi, mimi ninayo. Niligeuka.

"Jambo, mama," nikanong'ona.

"Habari ya kwako?"

"Nzuri."

"Mama wa nyumbani iko muzima?"

"Ni mzima."

"Na batoto?"

"Wazima wote."

"Na ile goti?"

"Linaendelea vizuri, mama. Aksanti."

"Ninaona unalikunja." Aliliweka beseni chini, dalili mbaya kabisa. "Sasa unafanya nini mu migomba ya bantu?"

"Naangalia ndizi."

Aliinua macho, akaichunguza migomba, mmoja baada ya mwingine.

"Iko ndizi gani, Prefe? Hii haiyazaa."

"Ndiyo maana naangalia."

Alinitazama kwa huruma ndefu, akajitwika beseni lake, akaniambia nimsalimie mke wangu, ingawa nilijua kwamba kwa mwendo wake angemfikia kabla yangu. Nilipogeukia dirisha tena, kioo kilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Ukurasa huo huja ukimaliza. Huja vilevile ukikata tamaa na kuufunga mchezo mwenyewe. Haukuthibitisha lolote. Nilikuwa nimesafiri, nimechuchumaa, nimesema uongo juu ya ndizi, na tendo lenyewe lilikuwa limetendeka nikiwa nimelipa kisogo.

"Uliona?" Shefu aliuliza. Hakugeuza kichwa.

Nilisimama, kwa awamu.

"Sikuona. Nilikuwa nasalimiwa."

"Nilisikia. Goti inaendelea vizuri."

"Tangu lini ulijua kwamba niko hapa?"

"Tangu ulifika. Nani anavaa koti mu migomba?"

"Ulisema mbele yangu mikono inatetemeka."

"Nilizani ni juu ya macho yako." Sasa aligeuka. "Kumbe macho haina shida, Prefe. Ni mudomo. Leo ulinyamaza, mikono ikatulia."

Alinitazama kupitia dirishani, nami nilielewa kwamba hanisaidii: ama nimwulize ni nani mwingine aliyeona, ama nisimwulize. Nilimfikiria ofisini kwake bandarini, peke yake na mizigo ya watu, hakuna anayemwona asivyopokea.

"Umemaliza," nilimwambia.

"Unajuaje?"

"Umesema weye."

Alinyoosha kidole kunielekeza upande wa mbele wa nyumba.

"Umeonekana, Prefe. Anza mwanzo. Mulango iko kule."

Niliizunguka nyumba nikikung'uta magoti, nikasimama mlangoni, nikabisha hodi. Alichelewa kuitikia kuliko ilivyohitajika, na nilimsikia akifungua kabati, sauti ya bati ikigonga bati. Nilipoingia, kikombe changu kilikuwa mezani na kitambaa cha kompyuta kilikuwa kimetupwa juu ya kiti cha wageni. Shefu mwenyewe alikuwa amekivuta kiti chake hadi mahali nilipozoea kukaa mimi, nyuma.

"Leo unacheza weye," alisema. "Minye nitasahihisha."

Nilimfikisha jasusi hadi nyuma ya mlinzi wa kwanza, bila haraka, kama nilivyomwona yeye akifanya. Theluji ilianguka. Nikatafuta kitufe cha kuchuchumaa, nikakibonyeza kwa uangalifu mkubwa, na jasusi akapiga mluzi.